Mpiga solo ametuacha, na waliobaki hatuelewani tumchukulieje

Shikamooni washauri,

Mimi napiga besi kwenye bendi ya roki hapa Dar. Tulianza watu wanne, tunafanyia mazoezi kwenye chumba cha kupanga Mwananyamala, tunaimba Kiswahili, na tuna nyimbo zetu tisa. Mpiga solo wetu aliondoka mwezi wa sita. Hakukuwa na ugomvi. Alituma tu ujumbe kwenye grupu la WhatsApp kwamba amepata bendi ya hoteli inayopiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili kwa malipo ya mwezi, akatutakia kila la heri, akajitoa kwenye grupu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili tupande jukwaani. Ikabidi tughairi na kumrudishia promota advansi yake yote ya shilingi 300,000, wakati 80,000 tulishazitumia kwa mabango na nauli.

Tangu siku hiyo bendi haina amani. Mpiga drams hataki kumsikia. Amefuta picha zake zote Instagram na anataka nyimbo tano alizotunga tusizipige tena. Mpiga rithimu, ambaye pia ndiye mwimbaji wetu, bado anaonana naye. Juzi walikwenda pamoja kumjulia hali mama yake hospitali, na mpiga drams akauita huo usaliti. Mimi niko katikati, nikimkumbuka namkasirikia papo hapo.

Tumepata kijana mpya wa solo, ana miaka 22, vidole vyepesi, anajituma. Lakini kila akimaliza kipande mpiga drams anamwambia, "Siyo hivyo, mwenzio alikuwa anaingia hivi." Nahofia kijana naye ataondoka.

Halafu kuna vitu. Amplifaya yake ya valvu bado ipo chumbani. Miksa tulinunua miaka miwili iliyopita kwa 1,600,000, kila mtu alichanga 400,000. Chumba ni 120,000 kwa mwezi, na aliondoka akiwa hajatoa mchango wake wa miezi miwili. Chaneli ya YouTube imefunguliwa kwa barua pepe yake. Wiki iliyopita ameandika anaulizia amplifaya, na anaomba kuja kututazama kwenye onyesho letu la Desemba. Mpiga drams amesema amplifaya haitoki mpaka alipe anachodaiwa.

Tumchukulieje huyu mtu? Na nyimbo zake tuna haki ya kuzipiga?

Mpiga besi, Mwananyamala

*

Marahaba, mdogo wetu.

Anzeni na amplifaya, na muirudishe wiki hii hii. Ni mali yake peke yake, haina uhusiano na deni la chumba. Mkiishika rehani, mnampa sababu ya kushika chaneli na kuwakatalia nyimbo, na yeye ana vitu vikubwa vya kushikilia kuliko ninyi. Tena amplifaya ya valvu iliyokaa miezi chumbani bila kuwashwa, kwa unyevu wa hewa ya Dar, huanza kupata kutu kwenye matundu ya jeki na ukungu kwenye kitambaa cha spika. Ikiharibika mikononi mwenu, deni linageuka kuwa lenu.

Siku ya kuikabidhi, iwasheni mbele yake. Hakikisheni kwanza waya wa spika umechomekwa, kwa sababu amplifaya ya valvu ikiwashwa na kupigwa bila spika inaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, na hilo ndilo tengenezo ghali kuliko yote ndani yake. Iacheni kama dakika mbili valvu zipate moto, apige mwenyewe, mrekodi video fupi kwa simu. Andikeni pedali na waya vinavyoondoka nayo. Ikizimwa, isubirini ipoe ndipo ipande bajaji. Valvu za moto hazipendi mitikisiko ya barabara za mtaani.

Ikishatoka, kaeni na hesabu. Hapa ndipo tunaona hasira ya mpiga drams imejengwa juu ya jambo ambalo hajalipigia hesabu. Miksa haihesabiwi kwa bei mliyonunulia. Ulizeni bei ya mtumba ya miksa kama hiyo, yenye hali hiyo, kwa wauzaji wawili au watatu Kariakoo, kisha mchukue bei ya katikati. Tuseme imefika 900,000. Fungu lake ni robo, yaani 225,000. Toeni kodi ya miezi miwili: robo ya 120,000 ni 30,000, mara mbili ni 60,000. Kuhusu advansi, ile 300,000 yenyewe si hasara, kwa sababu ilikuwa pesa ya promota na imerudi kwa promota. Hasara ni ile 80,000 iliyokwisha kutumika. Kwa kuwa hamkuwa na makubaliano yoyote ya muda wa kuaga, igaweni kwa wanne kama gharama nyingine za bendi: 20,000 kwake. Jumla anadaiwa 80,000. Toa kwenye 225,000, inabaki 145,000, na hiyo ndiyo ninyi mnayodaiwa kumlipa. Kila mmoja kati ya watatu mliobaki atoe kama 48,500, hata kwa awamu mbili au tatu, kwa njia ya simu ili ujumbe wa muamala ubaki kuwa ushahidi. Kijana mpya msimchangishe kwenye hili. Akilipa anakuwa mwenye miksa, na bado hamjakaa naye muda wa kutosha kuamua hivyo.

Mwonyeshe mpiga drams karatasi hiyo akiwa peke yake, kabla ya kuileta mbele ya wote. Mtu aliyekuwa akiamini anadai anahitaji nafasi ya kuona kwamba anadaiwa bila watu kumwangalia usoni.

Sasa kuondoka kwenyewe. Katika muziki wa jiji hili, kuhama bendi kumekuwapo tangu enzi za dansi. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa 1964, mwimbaji Muhidin Gurumo akiwamo. Mwaka 1978 akawa kwenye uanzishwaji wa bendi ya Mlimani Park. Mwaka 1985 yeye na Abel Balthazar wakaondoka pamoja na wenzao kwenda Safari Sound. Baadaye Gurumo akarudi kwenye bendi ile ya mwanzo, ambayo leo tunaiita Msondo. Hassan Bitchuka naye kapita huku na huko kati ya bendi hizo hizo. Mashabiki walinuna, waliobaki walinuna, lakini waliobaki waliendelea kupiga nyimbo walizoimba wale walioondoka, na wengi wao walikuja kusimama tena jukwaa moja. Mpiga gitaa aliyekwenda kupiga kopi hotelini kwa mshahara wa mwezi hajafanya jambo geni. Pengine ana kodi ya nyumba kama wewe.

Kosa lake ni siku kumi na mbili na ujumbe wa grupu. Hilo ni kosa kweli, na mna haki ya kumwambia. Lakini mwambieni hilo tu. Mtu mmoja, wewe unafaa, amwambie ana kwa ana: "Hatukukasirika kwamba umeondoka. Tumekasirika kwamba ulijitoa kwenye grupu kabla hatujajibu, na onyesho likafa." Hasira yenye jina inapata jibu. Ile ya "ametusaliti" haijibiki, na ndiyo inayofika mpaka kwa mgonjwa hospitalini. Na kuanzia sasa andikeni kanuni: anayetaka kuondoka anaaga siku thelathini kabla, au anamaliza maonyesho yote ambayo advansi yake imeshapokelewa. Kijana mpya naye aisome na kusaini.

Tukija kwenye nyimbo, hapa twende polepole, kwa sababu bendi nyingi huchanganya vitu vitatu: wimbo, rekodi na jukwaa.

Wimbo, yaani maneno na tuni, ni wa aliyeutunga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inamlinda tangu kazi inapotungwa; kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia kuthibitisha, ila si usajili unaoizaa haki. Ulinzi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mkitunga wawili, ni wenu wawili. Kwa hiyo shikeni zile nyimbo tano moja moja mwulizane: maneno ya nani? Tuni ya nani? Ubeti wa pili nani aliubadilisha? Tutakwambia jambo ambalo pengine hutalipenda wewe mpiga besi: mstari wako wa besi, hata kama ndio watu wanaouimba wakitoka ukumbini, hauwi utunzi wa wimbo moja kwa moja. Unakuwa sehemu ya utunzi pale mnapokubaliana hivyo. Ndiyo maana Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, walipofika albamu yao ya 1989 waliamua nyimbo ziandikwe kwa jina la bendi nzima badala ya mtunzi mmoja mmoja. Ninyi mnaweza kufanya vivyo hivyo kwa nyimbo zijazo. Kwa zilizopita, kila wimbo uandikwe ukweli wake.

Rekodi ni kitu kingine. Ndani ya rekodi kuna upigaji wa watu wanne, na kila mpigaji ana haki juu ya upigaji wake. Hiyo ndiyo hakishiriki. Yeye hawezi kuchukua rekodi zenu akaziuza kama zake, na ninyi hamwezi kufuta solo lake, mkaweka la kijana mpya, mkaendelea kumwandika yeye.

Jukwaani, leseni ya kupiga muziki hadharani kwa kawaida ni jukumu la mwenye ukumbi au promota, lakini msijifiche hapo. Mwombeni karatasi. Iwe ukurasa mmoja: majina ya nyimbo tano, bendi inaruhusiwa kuzipiga kwenye maonyesho, rekodi za zamani zinabaki hewani, rekodi mpya ya wimbo wowote kati ya hizo itahitaji kwanza makubaliano ya mgawo, jina lake la utunzi litatajwa popote nyimbo zinapoandikwa, na yeye yuko huru kuzipiga na bendi nyingine. Sainini wote wanne, shahidi mmoja kila upande, kila mtu nakala yake. Linaloharibu mara nyingi ni kiongozi wa bendi kwenda kusajili nyimbo zote kwa jina lake "ili kurahisisha". Kurahisisha huko ndiko kunakoleta mawakili miaka kumi baadaye.

Mpiga drams akisema zitupwe, mwulizeni atapiga nini Desemba. Tisa ukitoa tano ni nne, na nyimbo nne ni kama dakika kumi na nane. Na kama anaona kumwacha mtunzi kwenye orodha ni udhaifu, Metallica, bendi ya roki ya Marekani, walimfukuza mpiga gitaa wao Dave Mustaine mwaka 1983, kukiwa na uchungu pande zote, na bado albamu yao ya kwanza ikatoka mwaka huo huo jina lake likiwa kwenye nyimbo nne. Miaka mingi baadaye, 2011, alipanda nao jukwaani San Francisco.

Jina la bendi liangalieni pia. Kama mlilisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama jina la biashara na yeye ni mmoja wa wenye jina, pelekeni badiliko la wahusika. Lisipopelekwa, kwenye kumbukumbu bado ni mwenzenu. Na jina la biashara si alama ya huduma, ile inayozuia wengine kutumia jina lenu. Alama husajiliwa peke yake, miaka 7 ya mwanzo, kisha inahuishwa kila miaka 10. Bendi ya Pink Floyd ya Uingereza waliona gharama ya kuliacha hili wazi: mpiga besi wao Roger Waters aliondoka 1985, mwaka uliofuata akaenda mahakamani wenzake wasitumie jina, na hawakuelewana mpaka Desemba 1987.

Chaneli ya YouTube ina tarehe yake, kwa hiyo msiichelewe. Mwombeni aangalie kama imeunganishwa na Akaunti ya Biashara ya Google (Brand Account kwa Kiingereza) au imekaa kwenye akaunti yake binafsi. Kama ni ya binafsi, aihamishie kwanza kwenye Akaunti ya Biashara. Kisha awaongeze wawili wenu kuwa wamiliki. Hapo Google inataka siku saba zipite kabla ya mmiliki mpya kufanywa mmiliki mkuu. Hapa ndipo watu hukwama: wanaongezwa leo, mhusika anasahau, wiki ikipita hakuna anayemkumbusha, na chaneli inabaki kwake. Wekeni ukumbusho kwenye simu siku ya nane. Msimwombe nenosiri la barua pepe yake. Ni lake, lina mambo yake.

Ukiwa unaongea naye, mwombe na kitu kimoja ambacho wengi hawakifikirii: mafaili ya studio. Kila ala peke yake, kwa muundo wa sauti wa WAV, zote zikianzia sekunde ile ile ya mwanzo wa wimbo ili zikipangwa zilingane. Na maelezo ya kila wimbo: kasi ni mipigo mingapi kwa dakika, gitaa limetuniwa kawaida au limeshushwa nusu toni, pedali gani inawaka wapi. Mpiga gitaa anayeondoka huondoka na mambo hayo kichwani, halafu waliobaki wanamlaumu mgeni kwamba "haisikiki kama ile", kumbe nyuzi zake ziko nusu toni juu.

Ambayo inatuleta kwa kijana. Umeandika mwenyewe kwamba mpiga drams hataki kumsikia yule mtu, na hapo hapo ndiye anayemtaja kila mazoezi. Hatusemi hivyo kumcheka. Mpiga drams hujenga mapigo yake juu ya namna mwenzake anavyoingia. Mwenzake akibadilika, mikono inakwenda mahali ambapo hapana mtu. Anachosikia ni pengo halisi, ila anampelekea asiyehusika. Dawa yake ni kazi. Kwa kila wimbo tenganisheni vipande vya gitaa ambavyo ni mwili wa wimbo, kama kile cha ufunguzi na kile kinachojibizana na mwimbaji. Hivyo kijana avipige vilevile, akijifunzia kwenye faili la gitaa peke yake. Solo la katikati ni lake, apewe baa zake 16, yaani mafungu 16 ya mapigo, apite anavyojua. Kisha mpiga drams na kijana wafanye mazoezi mawili wao wawili tu, bila besi wala mwimbaji, wakianzia mipigo kumi chini ya kasi ya wimbo na kupandisha taratibu. Nyimbo mbili kwa kila zoezi zinatosha. Ikiwa solo limekwama, semeni "baa ya tisa umewahi", msiseme "mwenzio alikuwa".

Tungependekeza Desemba mpige tatu kati ya zile tano, nne zenu, na moja mpya ambayo kijana amekuwamo tangu inatungwa. Hiyo moja itamkalisha kwenye bendi kuliko maneno yoyote ya kumkaribisha.

Mpiga rithimu aachwe na urafiki wake. Kumsindikiza mtu kwa mama yake mgonjwa ni utu, na bendi haina mamlaka juu yake. Mpaka mmoja tu mnaweza kumwomba: ya mazoezini yasifike kule, na ya kule yasiletwe mazoezini. Wala si lazima ninyi watatu mumchukulie sawa. Mmoja anaweza kubaki rafiki, mwingine akabaki na kinyongo mpaka kimwishe, wewe ukabaki katikati. Kinachotakiwa kiwe kimoja ni mnachosema hadharani. Kikubalini kabla, kiwe kifupi. Mtu akipiga kelele jina lake katikati ya onyesho, mwimbaji aseme, "Yuko salama, anapiga bendi nyingine, wimbo unaofuata ni wa utunzi wake," na mpiga drams ahesabu nne. Zile picha zirudishwe. Mlikuwa wanne, na shabiki aliyewaona mkiwa wanne anajua.

Kuhusu kuja Desemba, aje, jina lake liandikwe mlangoni kama mgeni wa bendi. Asipandishwe jukwaani ghafla kwa sababu ukumbi umechangamka, kwani hapo mnamvua kijana gitaa lake mbele ya watu. Metallica walipoingizwa kwenye jumba la heshima la roki kule Cleveland mwaka 2009, Jason Newsted, aliyeondoka 2001, alipiga besi nao, na Robert Trujillo aliyechukua nafasi yake alikuwa jukwaani vilevile na besi yake. Mkitaka kufanya hivyo, iwe wimbo mmoja, kijana aulizwe wa kwanza na awe na uhuru wa kukataa, na wafanye zoezi moja pamoja wiki hiyo. Akija na amplifaya yake, angalieni umeme wa ukumbi kabla ya kuichomeka.